Wiki Tuliyopimwa Stima

Mimi sipendi kupoteza stima. Wapangaji wa jengo la Madam Cicily pale Makutano, mjini Meru, waliniita Mzee Zima, na jina hilo halikuniudhi hata kidogo. Nilikuwa mtunzaji wa jengo lile la orofa nne kwa miaka kumi na minane. Taa ikiachwa ikiwaka mchana kwenye ngazi, niliiona tangu barabarani, na damu ikanichemka.

Kwa hiyo mwaka 2016, shirika moja lilipotaka kukodi orofa mbili za juu na kusema kwanza jengo lipimwe linavyokula umeme, nilifurahi. Nikasema sasa kazi yangu itaonekana. Furaha hiyo Madam aliikata siku hiyo hiyo.

"Misheck, hiyo ripoti ikitoka mbaya, hao watu hawaingii," akaniambia. "Na hii jengo nitapatia ajenti. Wako na watu wao wa kuchunga. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Nani angeniandika tena?

Sasa, kwetu mkaguzi akija, awe wa afya, wa shule au wa kanisa, mahali hupigwa deki, watoto hupanguswa pua, na kila kibaya hufichwa mpaka mgeni atie sahihi kwenye kitabu, anywe chai, aende zake. Nami nikafanya vivyo hivyo. Jumatatu asubuhi nilipita mlango kwa mlango nikizima. Nilizima birika za maofisini, pasi ya fundi wa nguo, taa zote, hata friji kubwa ya Abdulatif mwenye bucha. "Ni saa moja tu," nikamwahidi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Githongo, Injinia Karambu, mpole, mwenye viatu vizito vya kazi. Alifungua kabati la mita, akabana vibanio vitatu kwenye nyaya kubwa, akaviunganisha na kijisanduku cheusi. Nikamletea kitabu cha wageni, akatia sahihi. Chai akanywa.

"Haya, mzee, asante. Nitakuja kuchukua hii Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Ile ingine. Inarekodi siku saba, kila dakika."

Nilikuwa nimeandaa jengo kwa saa moja, si kwa wiki. Niliwasihi wapangaji wavumilie, wakavumilia mpaka saa tisa alasiri, Abdulatif alipopanda ngazi akiwa na kisu mkononi, ingawa nadhani alikisahau tu.

"Mzee Misheck, nyama yangu ioze juu ya kasanduku? Mimi nawasha."

Akawasha, na wengine wote wakawasha. Jengo likanguruma kama kawaida. Wiki nzima sikula vizuri, kwa sababu nilijua kile kijisanduku kingeonyesha nusu siku ya uongo na siku zilizobaki za kweli, na hata mtoto wa darasa la pili angeona tofauti.

Jumatatu ya pili nilimwungamia Karambu kabla hajafungua kompyuta yake. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaifungua.

"Wengi hufanya hivyo, mzee. Lakini angalia hapa. Hiyo asubuhi mlizima kila kitu, si ndio?"

"Kila kitu."

"Sasa hii kilowati mbili ilikuwa inaenda wapi?"

Mstari wa matumizi kwenye kioo cha kompyuta ulishuka kweli asubuhi ile, ila haukufika chini. Hizo kilowati mbili zingefichwa na friji na pasi kama tusingezima. Tukaanza kutafuta, orofa baada ya orofa, yeye akisoma kijisanduku nami nikishusha swichi. Ikabaki orofa ya nne, iliyokuwa tupu tangu lojing ya Madam, ile ya kulaza wageni, ifungwe mwaka 2009. Nikamwambia huko hakuna kitu. Akasema tufungue.

Stoo ya mashuka ilikuwa na ufunguo mmoja, na ulikuwa mfukoni mwangu miaka yote. Tukasogeza rafu. Nyuma yake palikuwa na swichi, na kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka. Juu ya paa tulikuta matangi matatu ya bati, hayana hata kipande cha kuyafunika yasipoe. Karambu aligusa moja akaondoa mkono haraka. Miaka saba yalikuwa yakipoa kwa baridi ya mlima na kuchemka upya, yakiwawekea maji ya moto wageni ambao walishaondoka. Lojing niliifunga mimi. Rafu niliisukuma mimi.

"Nitaandika tu kwamba matangi ya zamani yaliachwa kwenye stima," Karambu akasema. "Jina la mtu halihitajiki. Mkizima, jengo litapita vizuri."

Nilikuwa nimeokoka. Nikaketi kwenye ngazi nimshukuru Mungu, na hapo ndipo nikamkumbuka Mwanabibi.

Mwanabibi alikuwa na kihoteli cha chai pale chini. Lojing ilipofungwa na bili isishuke, mimi nilitafuta mwizi. Nikakuta koili ya umeme jikoni mwake. Akaniambia iliungua zamani, yeye hupikia makaa. Sikuijaribu hata. Nilimwita Madam, na mwanamke yule akatolewa mbele ya wateja wake, masufuria yake yakiwekwa barabarani. Bili haikushuka hata baada ya hapo. Nikasema ni stima imepanda bei.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Jioni nilikwenda kwa Madam Cicily nikamweleza yote, na jina langu ndani yake.

"Ripoti haitasema ni wewe."

"Najua, Madam."

"Huyo mama nilimfukuza kwa neno lako, Misheck." Akageuza uso dirishani. "Maliza mwezi, uende."

Kesho yake nilishuka hadi mtaa uitwao Mjini. Nilimkuta Mwanabibi akikaanga mandazi mbele ya nyumba yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu matangi mpaka koili, nikamwomba radhi. Aliopoa mandazi yote, akaepua karai, akafuta mikono kwa leso.

"Mimi nilijua siku zote kwamba si mimi," akasema. "Watoto wangu ndio hawakujua."

Akageukia mlango wa nyumba.

"Rahema! Ita ndugu zako wote, kujeni hapa."

Kisha akanivutia kigoda.

"Sasa sema tena, Mzee Misheck. Anza mwanzo, na usiharakishe."