Mtoto Asiyedanganyika

Mtaani wananiita Askari, na sikatai. Mwaka jana msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alichukuliwa nje ya shule na mwanamume aliyemwambia kuwa mama yake yuko hospitali. Alipatikana siku ya tatu, na mpaka leo haongei. Tangu hapo sina mzaha. Nilimkalisha binti yangu Hoda, miaka minane, nikamfundisha kila jioni kabla ya kula. Asiende na mtu asiyelijua neno letu la siri, hata akijiita nani. Neno lilikuwa "mhogo", kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayeula. Akishikwa, aketi chini apige mayowe, amng'ang'anie mwanamke anayeuza vitu, maana muuzaji haachi meza yake akatoroka.

"Na mtu akisema Aabo yuko hospitali?" nilimuuliza.

"Huo ndio uongo wenyewe!"

Aabo mwenyewe, baba yake Ahmednur, alicheka mpaka chai ikamwagika.

Alhamisi, lori la Ahmednur lilipinduka karibu na Ngaremara. Ndugu yake Khadar, aliyekuwa nyuma na lori lake, alimtoa akamkimbiza mjini. Nilipofika wodini daktari alinivuta kando. Damu ilikuwa inavuja ndani, akasema, na anayetaka kumwona asichelewe. Ahmednur alinishika mkono.

"Hoda," akasema. "Niletee Hoda."

Mkono hakuuachia. Nikamtuma Khadar shuleni. Khadar anaishi Moyale; Hoda alimwona mara moja tu, akiwa mchanga. Simu yake ilikuwa imebaki kwenye lori, na shati lake limelowa damu ya ndugu yake. Hayo yote niliyaona. Neno sikumpa. Wallahi halikunijia kichwani, mimi mwenye kelele zote zile.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu. Kila mlango ulipofunguka Ahmednur aligeuza macho.

"Anakuja," nilimwambia. "Shule si mbali."

Nilimpigia mwalimu, simu haikushikwa. Nilitaka kukimbia mwenyewe, lakini kila nilipoinuka vidole vyake vilikaza, nikaogopa nikitoka atakufa peke yake. Nikabaki nimeketi, nimekata tamaa, naulaani mlango. Mwishowe akaacha kuutazama. Nilimtamkia shahada sikioni, na kabla ya saa kumi na moja pumzi ikakatika.

Walifika nusu saa baadaye, wakanikuta nje ya mlango wa wodi. Hoda alikuwa ameshikwa mkono na Natabo, mama wa Kiturkana anayeuza njugu nje ya shule. Nyuma yao alikuja Khadar, mdomo umepasuka na jicho limefura. Watu wa bodaboda walikuwa wamempiga, kisha wakampeleka polisi.

"Mama Hoda, pole sana," Natabo alisema. "Huyu mtu alikuja na damu mwili mzima, anavuta mtoto. Mtoto amekaa chini, amenishika leso, anapiga nduru ati anaibiwa. Sasa mimi ningejuaje? Ni polisi walipiga simu hapa, wakaambiwa ni ukweli."

Khadar aliniangalia usoni, akaelewa. Akaketi sakafuni akafunika kichwa kwa mikono. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikakosa. Natabo alifanya nilivyotaka mwanamke mwenye meza afanye. Wale vijana wa bodaboda walifanya nilivyotamani watu wangefanya mwaka jana yule msichana alipochukuliwa, nao hawakufanya. Nilibaki mimi tu.

Hoda alisimama mbele yangu, soksi moja imeshuka, sauti imekauka kwa mayowe.

"Hooyo, alisema Aabo ananiita. Nikamuuliza neno, hakulijua. Akanivuta, nikakaa chini vile ulisema. Nilifanya vizuri?"

Nilimvuta kifuani ili asiuone uso wangu. Nikamwambia ndiyo, amefanya vizuri sana, hakuna mtoto aliyefanya vizuri kuliko yeye. Nikahisi mabega yake yakilegea.

"Sasa naweza kuingia?" akauliza.