Hongera Kumi na Saba, Kura Mbili

Binti yangu hayumo kwenye kompyuta ya kliniki. Yumo mgongoni mwangu, ananipiga mateke ya mbavu, lakini kwenye kompyuta yupo pacha wake, Bonge, peke yake. Programu tunayoandikia chanjo ikiona mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa, inadhani karani kakosea kaandika mara mbili, inafuta mmoja. Karani mwenyewe ni mimi. Basi siku ya sindano Bonge anaitwa kwenye orodha, Kipusa namkumbuka kwa kichwa.

Programu hiyo ni huria: wanaoitengeneza wanajitolea, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bure na kuirekebisha. Toleo jipya linasimamiwa na mwalimu wangu wa darasa la jioni la kompyuta. Jumatatu alituandikia kwenye kundi la simu kwamba toleo lisilofuta pacha liko tayari, ila halitoki mpaka lipate kura tatu za watu waliolijaribu, mwisho Alhamisi. Tulivyompongeza, we acha tu! Mimi niliweka na maua: "Ndiyo, mwalimu wetu, hongera sana!"

Jumatano asubuhi akaandika: "Wanangu, nina hongera kumi na saba na kura mbili. Mama Pacha, hiyo 'ndiyo' yako umeijaribu kwenye mashine gani?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikampigia.

"Shikamoo, mwalimu. Nilidhani kura ni za mafundi."

"Marahaba. Hao mafundi wana foleni ya akina mama dirishani?"

"Hawana."

"Haya. Jaribu vile vile unavyofanya kazi. Ukikataa, toa sababu. Kesho saa sita mchana tunafunga."

Alasiri, akina mama walipokwisha, niliwasha kompyuta ya akiba iliyo karibu na sinki, nikapakua toleo jipya. Muuguzi, anti wa kliniki nzima, akachungulia.

"Makubwa! Karani wetu anapitisha programu siku hizi. Tukuite mheshimiwa?"

"Utaniita baadaye, anti. Kwanza nishikie Kipusa."

Nikamwandika Bonge na sindano zake. Nikamwandika Kipusa na zake. Wakakaa wote wawili kwenye orodha, wamebanana kama wanavyolala. Machozi yakanilenga, kidole kikakimbilia kwenye "Ndiyo". Lakini kazi yangu haiishii kwenye orodha. Mama haondoki bila kadi mkononi. Nikachapa kadi. Ya Bonge ilitoka sawa. Ya Kipusa ilitoka na jina lake na sindano zote za Bonge, hata ile ya wiki iliyopita ambayo yeye hakuchomwa kwa sababu ya homa.

Anti aliisoma, utani ukamwisha. "Kwa kadi hii ningemrudisha nyumbani bila kumchoma."

Nikisema hapana, toleo linakwama, na mwanangu anaendelea kutokuwepo. Nilimtazama Kipusa akitafuna kamba ya kitambulisho cha anti. Nikaandika "Hapana", nikaeleza sababu, nikaweka picha ya kadi. Nikatuma, nikajiona kama nimevunja kitu cha watu.

Mwalimu akajibu kundini: "Asante sana, mama. Nyie wawili mliosema ndiyo, hamkuchapa?"

"Hatuna printa," wakajibu.

Mwalimu akalirekebisha toleo kwa siku mbili, kura zikaanza upya. Safari hii mwenzangu wa darasani, karani wa kliniki nyingine, aliniuliza pembeni: "Kumbe hata hapana inapokelewa? Mimi nilikuwa naogopa kuwaharibia." Nikamwelekeza hatua kwa hatua. Naye akamwelekeza mwingine. Kura za ndiyo zikafika saba, tano za watu wa hongera, kila moja na picha ya kadi iliyotoka sawa. Ya saba ilikuwa yangu.

Siku ya sindano anti alisimama mlangoni na orodha mpya.

"Bonge!"

"Yupo!"

Akanitupia jicho, akavuta pumzi kama mtangazaji.

"Kipusa!"

Nikasimama kabla hajamaliza. Kipusa alilia kwa sindano ile kuliko watoto wote wa foleni, na mimi nilimbembeleza huku nacheka.