Mnara Nisiouchora

Mimi huchora miji kwa chaki. Mstari mmoja ukitosha, siongezi wa pili. Wasiojua kazi huniita mvivu. Meneja wa jengo jipya la ghorofa ishirini na mbili alinipa ukuta mweusi wa mapokezi, akitaka mji mzima kabla wageni wa ufunguzi hawajafika. Nilikubali haraka mno. Hakujua mimi ni dada wa nani.

Kitindamimba wetu alikuwa akining'inia nje ya jengo hilihili akisafisha vioo, hadi siku kamba ilipokatika. Tulipokwenda kuuliza, tulipewa barua: hakuna mtu kama huyo aliyewahi kufanya kazi hapa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa walikuwa wameiwekea lifti. Mama alilia. Mimi nilishikwa na hasira, na mpaka leo haijaniachia.

Kufika saa nne mji ulikuwa umesimama: benki kwa mistari mitatu, soko kwa tao moja, kisha stesheni na hospitali. Katikati niliacha nafasi tupu, nikashusha mstari mmoja mwembamba kutoka darini hadi karibu na sakafu.

Meneja alikuja akitabasamu, kisha akaacha.

"Dada, jengo letu liko wapi?"

"Hapo katikati."

"Mbona naona mstari tu?"

"Ni kamba. Ya mdogo wangu, aliyekuwa akiwaoshea vioo. Mlituandikia kwamba hamumjui."

Akatupa jicho mlangoni. Wageni wa kwanza walikuwa wanashuka kwenye magari.

"Usinitie aibu leo, tafadhali."

"Aibu mmejitia wenyewe."

Akamgeukia mama mfagizi aliyekuwa akipiga deki pembeni. "Mama, futa huo mstari. Upesi."

Yule mfagizi alikamua kitambaa taratibu. Nikasema moyoni, basi tena, kazi ni kazi. Lakini alikitundika kwenye ukingo wa ndoo.

"Mimi sifuti," alisema, wala hakunong'ona, ingawa wageni walikuwa wameshaingia. "Buibui namjua. Asubuhi ile ndoo yake nilimjazia mimi."

Jina hilo tulimpa sisi nyumbani. Sikuwa nimelitaja.

Mgeni mmoja akauliza Buibui ni nani. Meneja akasogea kuukinga ule mstari kwa mgongo.

"Mwambie humjui," nikamwambia. "Sema, huyu mama akisikia."