Aliyekaa Chini Haangushwi

Mayala, fundi mageti wa Mkolani, Mwanza, alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila akisalimiana na mwanaume mwenzake, kabla hata mikono haijaachana, macho yake yalikwisha kushuka magotini kupima. Huyu anatanguliza mguu wa kulia. Yule anasimama wima mno, ukimkumba kiunoni anakwenda mzima mzima. Mkewe, Dorcas, alikwisha kumkanya mara nyingi, hasa wakiwa kanisani.

"Baba Suzana, mchungaji unamkodolea magoti ya nini?"

"Namwangalia tu, mama Suzana. Anasimama vibaya."

Mieleka aliianza machungani, ng'ombe wakila nao vijana wakiangushana kwenye majani, akaja kunolewa vizuri alipokwenda jeshi la kujenga taifa. Tangu ahamie mjini hakutokea mtu wa kumlaza chali, na hilo hakuona haya kulitangaza. Ukimpa geti lako alichomelee, hadithi ya mieleka ulipewa bure.

Basi siku moja aliitwa Ilemela kurekebisha geti la ukumbi mmoja uliojengwa mlimani, katikati ya mawe makubwa, madirisha yake yakitazama ziwa. Alipokuwa anapima bawaba akasikia watu wanahema ndani. Akachungulia. Akaona watu wazima wamevaa fulana na bukta, wamelala sakafuni wawili wawili juu ya mikeka minene ya mpira, wamekumbatiana kwa miguu, wanabiringishana.

"Hawa wanacheza," akauliza, "au wamepatwa na tumbo?"

Mzee mmoja mwembamba, miwani imefungwa kamba kisogoni, akainuka na kumjia. Alikuwa Makame, mwenye klabu. Ujanani alikuwa mpishi wa meli, na mchezo huo aliuokota bandarini kwa mabaharia Wabrazili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hii ni jujitsu. Mtu anakabwa au anakunjwa mpaka akubali. Akikubali anagonga kwa mkono, anaachiwa, wanaanza upya."

"Na kuangushana?"

"Kupo. Ila wengi wetu hatukuwezi," Makame akasema bila kuona aibu yoyote. "Vua viatu uingie."

Mayala alimtazama magoti. Yalikuwa magoti ya mtu anayestahili kuletewa kiti. Akamhurumia, akajiambia atamlaza polepole asije akamvunja mzee wa watu. Wakashikana mikono. Kufumba na kufumbua Mayala alikwisha kuzama chini, akakumbatia mapaja yote mawili, akamnyanyua Makame juu kama gunia la pamba na kumtua chali kwa adabu zote. Wanafunzi wakasema, "Aaah!" Ulikuwa mwereka safi, wa kuoneshwa watoto.

Mayala akabaki pale juu, anangoja atangazwe.

Hakutangazwa. Badala yake aliona mkono mwembamba umemzunguka shingo, na miguu miwili imemfunga kiunoni. Kwanza alidhani mzee anamshikilia kwa hofu. Kisha madirisha yakaanza kusinyaa, ziwa likawa dogo kama beseni, na sauti ya upole ikamwambia sikioni, "Dunia ikianza kupungua, mwanangu, gonga."

Akagonga.

"Lakini nimekuangusha!" akalalamika alipopata pumzi.

"Umeniangusha, tena vizuri. Hiyo kwetu ni pointi mbili. Lakini ukigonga, mchezo umekwisha, pointi zako unakwenda nazo nyumbani."

"Kwa hiyo kuangusha ni kazi bure?"

"Nani kasema bure? Aliye juu ana uzito, ana nafasi ya kuchagua. Ila wewe umeniletea shingo yako mwenyewe mpaka kifuani kwangu. Ningekataaje zawadi?"

Mayala akataka tena. Akamwangusha tena, akakabwa tena. Safari iliyofuata alificha shingo, akanyooshewa mkono mpaka kiwiko kikalia. Kadiri alivyozidi kumbwaga mzee ndivyo alivyozidi kugonga mkeka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee yule alikuwa anaanguka huku anatabasamu, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Jioni Dorcas akamwona shingo imechubuka.

"Umefanyaje?"

"Nimepigana na mzee."

"Ukashinda?"

Mayala akafikiri. "Nilikuwa namwangusha sana."

"Sijauliza hivyo, baba Suzana."

Usiku ule hakupata usingizi kwa urahisi. Katika mieleka, mgongo wa mwenzako ukigusa chini, kazi imekwisha, unanyanyua mikono watu washangilie. Maisha yake yote alikuwa amefanya mazoezi ya kufika mwisho. Kule Ilemela, pale alipozoea kumalizia ndipo wenzake walipokuwa wanaanzia. Hilo lilimkera, lakini pia lilimwashia hamu ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

Geti lilipokamilika aliendelea kurudi. Makame akampa sharti moja tu: awafundishe wenzake kuangusha, nao wamfundishe kuishi baada ya kuangusha. Maana wanafunzi wa Makame walikuwa mamba majini na kuku nchi kavu. Wakiwa wamelala, huwagusi. Wakisimama, wanashikana mabega na kusukumana kama wanaogombea mlango, mpaka mmoja achoke ajiangushe mwenyewe.

Mayala akawafundisha kushusha kiuno, si kuinamisha mgongo. Akawafundisha kuingia mguuni kichwa kikiwa juu, sikio limebanwa kwenye mbavu za mwenzako, sio kichwa kinaning'inia nje kama embe la kuchumwa. Na hilo la kichwa alikuwa anajifundisha na yeye, kwa sababu tabia ya miaka haiondoki kwa siku moja. Gladness, muuza vitenge wa sokoni, ndiye aliyeshika somo kuliko wote. Alipogundua kwamba anaweza kumng'oa mtu mguu mmoja na kumwona anapepesuka, alikuwa anawaangusha hata waliokuja kusalimia tu.

Mashindano yalipoitishwa, klabu za kandokando ya ziwa zilikutana Busisi, kwenye ukumbi wa harusi. Harusi yenyewe ilikuwa imekwisha siku iliyopita na hakuna aliyekuwa ametoa mapambo. Mikeka ikatandazwa chini ya riboni za zambarau, na bango la "Mungu Amewaunganisha" likabaki juu ya meza ya waamuzi.

Mpinzani wa kwanza wa Mayala alitoka Bukoba. Aliitwa Revocatus, kijana mrefu, mtulivu, mwenye tabasamu la mtu aliyekula akashiba. Mayala akampima magoti. Akafurahi. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele, mwepesi, unaomba kuchukuliwa.

Refa akasema, "Anzeni!"

Revocatus akakaa chini.

Hakusukumwa, hakuteleza. Alikaa tu, taratibu, kama aliyekaribishwa jamvini, akanyoosha mikono mbele na kumwangalia Mayala kwa upole.

Mayala alisimama ameshusha kiuno, mikono tayari, hana cha kushika.

"Inuka," akasema.

"Niinuke niende wapi?" Revocatus akauliza.

"Tupigane!"

"Karibu, mimi niko hapa."

Mayala akamgeukia refa. "Refa, huyu kakaa."

"Nimemwona."

"Sasa nimwangusheje?"

"Hilo si la kuniuliza mimi. Endeleeni."

Ukumbi ukaanza kucheka. Mayala akamzunguka upande huu, akamzunguka upande ule, na Revocatus akawa anajizungusha kwa makalio, anamfuata kama alizeti inavyofuata jua. Mieleka yote aliyoijua Mayala, ya machungani na ya jeshini, ilihitaji kitu kimoja ambacho huyu bwana alikuwa amekwisha kukitoa mwenyewe. Utamnyang'anya nini mtu aliyekwisha kujiangusha mwenyewe?

Akajaribu kuingia kwa nguvu. Miguu ya Revocatus ikamjia kama mizizi ya magugumaji, mmoja nyuma ya goti, mwingine kwenye nyonga, na kabla hajajua kinachoendelea mguu wake ulikuwa kwapani mwa mwenzake, kisigino kinataka kupindwa. Alichomoka kwa bahati, akarudi nyuma anachechemea.

"Usiende!" Makame akapiga kelele kutoka pembeni. "Usimfuate alikolala!"

"Sasa nifanyeje?"

"Fikiri!"

Mayala akafikiri. Akamtazama Revocatus. Akaangalia riboni za harusi. Halafu, bila haraka, na yeye akakaa chini.

Ukumbi ulipasuka. Wanaume wawili wenye misuli walikuwa wamekaa wanatazamana kama wanaosubiri sahani. Makame akavua miwani, akajifunika uso. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Waleteeni chai jamani!" Gladness alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Refa akawaonya kuwa mmoja asipoinuka wote watatolewa mashindanoni. Hapo ndipo Mayala alipoona tabasamu la Revocatus linapungua kidogo. Kijana yule alikuwa amezoea kufuatwa, hakuzoea kufuata. Akajiinua kwa goti moja, akasimama ili amjie Mayala kwa juu.

Na alipotanguliza mguu wa kushoto, Mayala nusura amshukuru.

Aliuvamia akiwa bado yuko chini, akaukumbatia kifuani kama mtoto aliyepotea akapatikana, akajiinua nao. Revocatus akaruka ruka kwa mguu mmoja, hop, hop, anatafuta ukuta wa kushika, akaburuta riboni ya zambarau, akaenda chini nayo. Kishindo kilisikika mpaka nje. Mara mkono wake ukaanza kutafuta shingo, lakini haukuikuta. Mayala alikuwa amebana sikio kwenye mbavu zake, kidevu ndani, macho kafumba, anahesabu pumzi na kumwomba Mungu wake wakati uishe. Hakujaribu kumkaba wala kumkunja. Alilala tu pale kwa uzito wake wote, mpaka filimbi ikalia.

Pointi mbili kwa sifuri. Refa alimnyanyua mkono wakati riboni ingali imewafunga wote wawili.

Pambano lililofuata alikutana na jamaa mnene wa Geita ambaye alisimama vizuri, wima, mtu wa kuheshimika. Mayala alimbwaga kwa mwereka wa ajabu, ukumbi mzima ukasimama, na yeye akanogewa na kelele zile akainua kichwa kidogo tu awaone wanaomshangilia. Kidogo kile kilitosha. Alikabwa akagonga huku watu bado wanampigia makofi.

"Ulikuwa unamtazama nani?" Makame akamuuliza alipotoka.

"Watu, kocha."

"Walikuwa wanatazama shingo yako."

Mayala akacheka mpaka akakaa. Haikumuuma kama alivyodhani. Alijikuta anataka kesho ifike, arudi mkekani, na hamu hiyo aliiona tamu kuliko kushinda.

Revocatus akaja kukaa karibu naye nje, wakala sato wa kukaanga kwa mikono, mawimbi yakipiga mawe mbele yao. Kijana akakiri kwamba klabuni kwao hakuna anayejua kuangusha hata kiti, ndiyo maana wote wanakaa. Mayala akamwambia kukaa kule si kubaya, maana kulimtia yeye wazimu. Wakabishana mpaka samaki akabaki mifupa. Mwisho wakakubaliana Revocatus asirudi Bukoba kwanza, abaki Mwanza wiki moja wafundishane.

Dorcas aliwapokea mlangoni wakati jua linazama. Akamwangalia mumewe, akamwangalia mgeni mrefu aliyekuwa nyuma yake na begi.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda mmoja, nimeshindwa na mmoja."

"Na huyu?"

"Huyu ni Revocatus. Atakaa."

"Atakaa?"

"Ndiyo kazi yake, mama Suzana. Hakuna anayemshinda kwa kukaa."

Revocatus akainama, akasema, "Shikamoo dada," na Dorcas akaitikia huku anarudi jikoni kuongeza maji ya ugali.