Mguu wa Kushoto wa Baba Mkwe

Nilimjua baba mkwe wangu kwa masikio. Kwetu Kinyala mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimsikia hupinda njia, hujitanda khanga, huingia migombani akawa jani miongoni mwa majani. Wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, lakini Mzee Anosisye hakuiacha. Kwangu alikuwa kikohozi kinachotangulia, na harufu ya tumbaku inayobaki ukunguni. Mume wangu Lugano alikuwa kazini Kiwira. Nyumbani tulibaki watatu pamoja na mama mkwe, na mmoja wetu alikuwa sauti tu.

Asubuhi ile Mlima Rungwe haukuwapo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, nami nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikasikia kikohozi, kisha hatua. Mguu wa kulia ulikanyaga. Wa kushoto ulifuata kama jembe linaloburutwa na mtu aliyechoka.

“Debora, nipe maji,” alimwambia mama mkwe. Maneno yalitoka yamelowa, kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni. Kikombe kikaanguka, kikabingirika, kikanyamaza.

Mama alicheka. “Pombe ya jana ya kwa Amoni bado inaongea!”

Aliingia jikoni kuchukua kikombe kingine. Nikamshika mkono.

“Mama, hiyo si pombe. Juzi pia mguu uliburuta hivyo hivyo.”

“Na mchana ukapona. Hata leo utapona.”

“Nesi wa kliniki alituambia: ulimi ukiwa mzito ghafla, na upande mmoja ukalegea, ni kiharusi kinabisha hodi. Hata kikiondoka, hospitali siku hiyo hiyo. Kikirudi huvunja mlango.”

“Wee! Unayemjua kwa masikio unanifundisha mimi niliyelala naye ujana wote?”

Akatoka na maji. Nilibaki nasikiliza, na nje hapakuwa na sauti tena. Ukungu uliingia jikoni polepole kama mgeni asiyetaka kusumbua. Nikafikiri: nikikaa, nitakuwa mkwe mwenye adabu katika nyumba yenye msiba.

Nikatoka bila kujitanda.

Mama alipiga kelele. Sikumtazama. Nilimtazama yeye, ameketi kwenye kigoda, mzee mdogo kuliko sauti yake. Pua ilikuwa ya Lugano. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeteremka, na maji yalimtoka kwenye kona ya mdomo bila yeye kujua.

“Tata,” nikasema, ndilo neno letu la baba, “nyanyua mikono yote miwili.”

Alinikodolea macho, akatii. Wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ulishuka wenyewe, kwa upole, kama jani la mgomba lililokatwa.

Mama alipouona mkono ule, akakimbilia barabarani.

Siku hizo, tangu biashara iachwe huria, wanunuzi wa ndizi walikuja na magari yao hadi shambani. Ackson, mmoja wao, alikuwa ameshajaza pikapu yake hapo barabarani.

“Mama, nimejaza mpaka juu. Nitawaweka wapi?”

“Zishushe! Ndizi hazina kiharusi!”

Ackson alishusha mikungu mwenyewe, akiguna. Tukampandisha mzee. Mama akapanda, akaketi pembeni.

“Mshike wewe,” akaniambia. “Umeshamwona, umeshamwona.”

Tulishuka kuelekea Tukuyu ndani ya weupe mtupu. Mashamba ya chai yalitokea na kuyeyuka. Kichwa cha mzee kilikuwa begani kwangu, kizito, chenye joto, na sikuona haya. Ilikuwa kama ndoto ambayo ndani yake mtu hupenya ukuta.

Hospitalini daktari aliuliza ilianza lini. Mama akanitazama mimi. Nikaeleza yote: mguu, ulimi, kikombe, hata ile juzi.

“Presha yake iko juu mno,” daktari akasema. “Lakini mmemwahi. Tunamlaza. Ongea naye, tusikie kama ulimi unarudi.”

Niongee naye! Sikuwahi kumwambia hata shikamoo. Jua lilikuwa limepasua ukungu dirishani. Nikakaa kando ya kitanda.

“Tata, mimi ni Tupokigwe.”

“Na…jua.” Alipumua. Jicho moja lilinitazama vizuri kuliko lingine. “Huimba. Jikoni. Ukimenya ndizi.”

“Unanisikia?”

“Kila siku.” Akafumba macho, akatafuta neno mbali sana, nami nikaogopa kwamba halitafika. Likafika likiwa zima.

“Unaimba vibaya.”