Vya Kuacha

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa haufunguki mpaka mwisho. Ulikwama kwenye vitu vya mama mkwe, vile alivyokuja navyo baada ya kumzika mumewe: ndoo zisizo na mifuniko, feni isiyozunguka, mabegi juu ya mabegi. Na mtoto ameshaanza kutambaa. Walimwita Bosi, kwa sababu akilia nyumba nzima inasimama. Juzi Bosi alivuta waya, feni ikaanguka karibu kabisa na kichwa chake.

Baba yake Bosi, kinyozi, uvumilivu ukamwishia. "Jumamosi chumba kile kinatolewa kila kitu."

Mama mzazi wa kinyozi, ndiye huyo mkwe, akainua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Na mimi je? Natolewa asubuhi au mchana?"

Alicheka peke yake. Mke wa kinyozi ndiye aliyeisikia hofu ndani ya kicheko. Tangu mama afike, hajawahi kutundika nguo zake ukutani. Anazitoa begini, anazirudisha begini, kama mgeni. Binti yake wa mji mwingine kila akipiga simu ni lile lile: njoo ukae kwangu. Mke hakutaka aende. Huyu ndiye mtu wa kwanza kumwita "mwanangu" bila kumtuma dukani papo hapo.

Jumamosi, kinyozi alipokwenda kazini, mke alimwekea mama kigoda katikati ya mlango.

"Mama, hatutoi kila kitu. Tunaanza na kona moja tu. Mimi mikono, wewe mdomo."

"Mdomo ninao," mama akasema, akakaa.

Vya kutoa walivirundika chini ya dirisha. Vya kuacha waliviweka karibu na mlango.

"Ndoo hii?"

"Toa."

"Mwavuli? Umebaki mbavu tupu."

"Kama mimi. Toa."

"Na mfuko huu?"

Mama aliupakata. Ndani mlikuwa na gauni la bluu, halina mikono wala kola, vipande vimeshikizwa kwa uzi mweupe tu. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alilikata akiwa mzima, akaugua kabla hajalipitisha kwenye mashine.

"Hili acha," mama akasema taratibu.

"Tunaacha," mke akaitikia, akaliweka juu ya vitu vya mlangoni.

Kona ikaanza kuonekana. "Kumbe chumba hiki kina sakafu!" mama akashangaa. Mke akamwonyesha mahali kitanda chake kitakapokaa, kichwa upande wa dirisha. Mama aliipima nafasi ile kwa macho, na mke akaona, na moyo wake ukafurahi.

Bosi akajichafua. Mke akakimbia naye bafuni, mama akaenda jikoni kubandika chai. Ndipo kinyozi aliporudi na mwenye mkokoteni.

"Vipi vya kupakia?" akapaza sauti.

"Vya mlangoni ni vya kuacha!" mke akajibu, maji yakimwagika, mtoto akipiga kelele.

Vya kuacha. Kinyozi alilisikia neno hilo kama mtu anavyosikia kwamba jirani ameacha sigara. Vya mlangoni wakavipakia vyote. Vya dirishani hakuvigusa, pamoja na mwavuli wa mbavu tupu.

Mama alitoka jikoni na kikombe mkononi. "Vya mlangoni viko wapi?"

"Vimeshaondoka, mama! Si mmesema vya kuacha?"

Mama akamtazama mwanawe. "Mteja akikaa kwenye kiti chako akakwambia ndevu acha, unazinyoa?"

Kinyozi akatoka mbio.

Mke alipofika na Bosi aliyelowa, mama alikuwa amelishusha begi lake na anafunga furushi kwa shuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Namsaidia kazi. Kuna kitu kimoja amesahau kupakia."

Kinyozi akarudi jasho likimtiririka. Nguo zote mwenye mkokoteni alikuwa ameshaziuza kwa mafundi wa magari, na wao walikwisha kuzikatakata za kufutia oili. Kipande cha bluu amekiona kwa macho yake. "Mama, nisamehe. Nitakununulia jingine, zuri kuliko lile."

Mke alimkata jicho anyamaze, akachelewa.

"Nunua," mama akasema. "Na umnunue na aliyelikata."

Kinyozi akatoka, akasimama nje ameupa ukuta uso.

Mke akakaa sakafuni, Bosi mapajani. Maneno ya kubembeleza yalimjaa mdomoni, yote mepesi. Mwishowe akauliza, "Kola yake ilikuwa iweje?"

Mikono ya mama ikatulia kwenye fundo.

"Yeye alitaka ya mviringo. Nikamwambia mimi si mwanafunzi wa shule. Tukanuniana! Akalishikiza bila kola, akasema, ukishatulia utaniambia." Akacheka, kicheko kikakatika, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akalia kwa sauti. Bosi akashtuka, akalia naye. Mke akawakumbatia wote wawili, hajui ambembeleze nani.

"Siwezi kulirudisha, mama," akasema walipopoa. "Ila usiondoke kwa ajili ya neno moja. Siku ukituchoka sema, begi nitakubebea mwenyewe."

"Nani kakwambia sijawachoka?"

Mke akaenda kumlaza Bosi. Alilala akisikiliza kama mlango utafunguliwa.

Asubuhi furushi lilikuwa bado limefungwa. Mama alikuwa amelikalia pale kwenye kona iliyo wazi, Bosi mapajani, wote wawili wanaangalia rundo la dirishani.

"Mwite mumeo aje avichukue hivi," akasema. "Mwambie atoe. Umtamkie vizuri, herufi kwa herufi."

"Na furushi, mama?"

Mama akalipigapiga kwa kiganja. "Hili nimelikalia. Tuone leo kwanza."