Mzee Nevi wa Osiri

Filister alikuwa sokoni Migori, anapima omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro, simu ilipolia. Aliyepiga ni Job, mdogo wa mumewe, Nicanor. Job si mtu wa kuzungukazunguka, lakini siku hiyo alisalimia mara mbili, kisha akauliza biashara inaendaje. Filister akaweka gorogoro chini.

"Ni Nicanor?"

"Njoo hospitali, shemeji. Mwachie mtu meza, uje."

Alimkuta mumewe mochari, nguo zimeganda tope la shimoni, kiunoni alama nyekundu ya kamba. Midomo yake ilikuwa na wekundu ambao Filister hakuwahi kuuona juu yake, kama ya mtu aliyetoka kuota moto sasa hivi. Alimwita kwa jina. Alimwita tena kwa sauti kubwa zaidi, kama alivyozoea kumwita nyumbani, kwa kuwa sikio la kushoto la Nicanor lilikuwa limekufa miaka mingi. Mhudumu akamshika bega akamtoa nje.

Sikio hilo lilikufia kwenye chumba cha injini cha meli. Nicanor alizaliwa Kendu Bay, akaingia jeshi la majini akiwa kijana ambaye ndevu hazijamwota vizuri, na huko akafundishwa ufundi wa mitambo. Alipotoka jeshini alifanya kazi kidogo Mombasa, kisha akarudi nyumbani ghafla, wala hakusema kwa nini. Akaajiriwa fundi katika hospitali moja Homa Bay, akitunza jenereta na mitambo mikubwa ya mvuke. Mkataba ulipokwisha, hakungoja huruma ya mtu. Alibeba vifaa vyake akaenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anatengeneza mashine za kusaga mawe na pampu za kutoa maji mashimoni. Wachimbaji wakamwita Mzee Nevi, yaani mzee wa jeshi la majini.

Alikuwa mgumu kuishi naye, Filister hakulificha hilo. Alipiga kelele hata akiomba chumvi. Shati likikunjwa vibaya alilikunjua akalikunja upya. Kanisani, Sabato baada ya Sabato, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mchungaji akimwita mbele alitikisa kichwa tu. Lakini Filister alipougua baada ya kumzaa Valary, yeye ndiye aliyefua nepi, akizianika kwa mstari ulionyooka kama bendera za meli, majirani wakicheka, naye hajali.

Valary, ambaye sasa ni mwalimu Homa Bay, alifika jioni hiyo hiyo. Yeye na mama yake wakaenda wodini kumwona Bichage, mchimbaji aliyetolewa shimoni hai. Bichage alikuwa amevalishwa kifaa cha hewa puani. Alipowaona alijaribu kukaa, akashindwa.

"Mama, mzee alikataa," alisema hata kabla ya kuulizwa.

"Alikataa nini, baba?"

"Kushusha pampu. Maji yalikuwa chini sana, mpira wa pampu ukawa hauvuti tena kutoka juu. Akatuambia pampu ya petroli haiingii shimoni kamwe, moshi wake unaua. Tungoje, anaenda kutafuta ya umeme. Alipoondoka, mwenzetu Oliver akasema mzee anatuchelewesha, mwenye shimo ataleta watu wengine. Tukaifunga kamba, tukaishusha, tukashuka nayo."

"Nani aliyesema ishushwe?" Valary akauliza.

"Oliver. Lakini kamba tuliishika wote."

Mengine aliyaeleza kidogokidogo, kama alivyosimuliwa na waliokuwa juu. Nicanor alirudi, akaona pampu haipo mahali pake, akasikia mngurumo unatoka chini ya ardhi. Aliita, hakuitikiwa. Akajifunga kamba kiunoni akashuka. Bichage alipandishwa wa kwanza, hana fahamu. Nicanor akatoka nyuma yake, akaketi kwenye kifusi akikohoa na kutapika, watu wakamshika, wakamwambia mzee pumzika, mzee ngoja mashine izimike. Aliwasukuma. Akarudi chini. Walipoivuta kamba ikaja nzito, wakaita wenzao waje kusaidia. Nicanor alikuwa amemfunga Oliver kifuani pake. Walipandishwa wamekumbatiana, na hakuna aliyekuwa akipumua.

"Mama yake Oliver anajua?" Filister akauliza.

Bichage aligeuza uso ukutani. "Anajua tu pampu ilikuwa ya Mzee Nevi."

Na Osiri nzima ilijua hivyo hivyo. Maneno yalifika kabla ya maiti: moshi umetoka kwenye mashine ya Nevi, Nevi ndiye aliyeileta asubuhi, Nevi ameua mtoto wa watu.

Mila haikumruhusu Filister kukaa tu. Wafiwa huhaniana. Siku ya pili alijifunga leso, akaenda Osiri pamoja na Valary na Job. Nyasuguta, mama yake Oliver, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha, macho makavu. Mazungumzo yalikatika wageni walipoingia.

"Wewe ndiye mke wa Nevi?"

"Ndiye mimi, dada. Tumekuja kukupa pole."

"Mwanangu alikuwa akiniambia huyo mzee anajua mashine kuliko watu wote hapa." Nyasuguta alisema polepole, Kiswahili chake kikichanganyika na kilio alichokimeza. "Kama alijua, mbona aliwasha mashine shimoni na mtoto wangu ndani?"

Valary alifungua mdomo. Filister akamshika mkono, akaubana.

"Oliver wangu hakuwa mtu wa haraka," Nyasuguta akaendelea. "Alikuwa mtoto wa kusikia. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia ngoja, anangoja. Wangemwambia ngoja, angengoja."

Wanawake waliitikia kwa kuguna. Filister alimtazama mama huyo, akaona kwamba neno hilo moja, mtoto wa kusikia, ndilo tu alilobaki nalo. Angeweza kulivunja kwa sentensi moja. Sentensi ilikuwa ulimini. Alisikia ladha yake, chungu.

"Pole, dada," akasema. "Pole sana. Utusamehe."

Mwanamke mmoja kwa nyuma akanong'ona, "Mmesikia? Amekubali."

Walipofika barabarani Valary aliuchomoa mkono wake.

"Umefanya nini, mama? Umemwacha baba aitwe muuaji, kisha ukaomba msamaha juu yake!"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba mwanawe amejiua kwa mikono yake, na akamuua baba yako?"

"Ndiyo! Ni ukweli."

"Baba yako amekufa, Valary. Hawawezi kumwumiza tena."

"Wananiumiza mimi."

Job alitembea nyuma yao akitazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Filister alitaka kulia, na kilio kikakataa kuja.

Walimzika Nicanor Kendu Bay siku ya Jumapili. Kutoka Osiri alikuja Bichage peke yake, akasimama nyuma ya hema akishikilia nguzo. Filister alikuwa amemwomba Job, atakaposhika kipaza sauti, asitaje nani aliyeshusha pampu. Job alitii, lakini ilimgharimu. Alisema kaka yake amekufa akiokoa watu, akasimama hapo kinywa wazi, kisha akarudisha kipaza sauti bila kumaliza. Valary aliitwa azungumze kwa niaba ya watoto. Hakuinuka.

Baada ya kaburi kufukiwa, mzee mmoja mrefu alimwendea Filister nyuma ya jiko. Alijitambulisha kwa jina la Mosoti. Alikuwa na Nicanor jeshini, na walipotoka wakaajiriwa pamoja Mombasa kwenye karakana ya tajiri mmoja aliyekuwa akikarabati meli.

"Aliwahi kukuambia kwa nini aliacha kazi ile?"

"Hakuniambia."

"Mwenzetu mmoja aliingia kwenye tangi tupu kulipaka rangi. Hewa mbaya ikamwangusha. Nilitaka kumfuata. Nicanor akanishika mshipi kwa nyuma. Jeshini tulifundishwa, mtu akianguka ndani ya tangi usimfuate, utakuwa maiti wa pili. Nilimpiga ngumi, nikamtukana mama yake, hakuniachia. Yule ndani alikuwa anagonga chuma. Anagonga, anagonga, halafu akanyamaza." Mosoti alijifuta uso kwa kofia. "Mimi niko hai, nina wajukuu, kwa sababu alinishika. Lakini tangu siku ile hakuweza kunitazama machoni. Nilipoambiwa amekufa namna gani, mama, sikushangaa."

Valary alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alisikia yote. Aliiweka chini, akaingia ndani, na asubuhi akapanda gari kurudi Homa Bay bila kumuaga mama yake.

Filister alirudi sokoni. Wanawake wa Osiri waliokuwa wateja wake wa miaka waliipita meza yake wakaenda kununua kwa Emmaculate, mtu wa meza ya pili. Mmoja alisema, bila kushusha sauti, kwamba haiwezekani kula chakula kutoka nyumba ya muuaji. Filister aliendelea kupanga gorogoro zake. Jioni alirudi na magunia yakiwa karibu yamejaa kama alivyokuja nayo, akalala upande wake wa kitanda, akitazama ukuta. Usiku mwingine alimkasirikia Nicanor kwa kurudi chini mara ya pili. Alimkasirikia kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo kumsikia.

Mvua zilipoanza alifunga safari hadi Homa Bay. Valary alimfungulia mlango, akampokea mzigo, akapika kuon, ugali wa kwao, na samaki. Walipomaliza kula Valary aliuliza, akitazama sahani:

"Mama, baba angetaka nini?"

"Sijui. Kila siku najiuliza. Sijui."

"Mimi siwezi kunyamaza milele."

"Sijakuomba milele. Nimekuomba mpaka yule mama aweze kusimama."

"Na asiposimama?"

Mvua ilipiga mabati kwa nguvu. Valary akakusanya sahani, akaenda kuziosha, na baada ya muda mama yake akamfuata na kuanza kuzifuta.